Ule wa Buffalo Hatavuka

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Ombeni, mpakiaji mizigo kwenye ghala moja la Okolona, kusini mwa Louisville. Mke wangu Chimène alikwenda Columbus kumsuka bibi harusi, akakaa hukohuko na binti yetu Alliance. Baada ya hapo kulungu alirukia gari langu barabarani. Gari likafa, kulungu akainuka akaenda zake. Mliokuwapo tangu mwanzo mnajua sikulia kwa lolote kati ya hayo. Kilio hakikuja, nami sikukitafuta.

Wiki iliyopita niliwaacha pale mchungaji aliponisimamisha mbele ya kanisa na kutangaza kwamba Mungu ametuletea nabii. Nabii mwenyewe alikuwa amevaa soksi mbili tofauti. Na kazi yake ya kinabii ni kubashiri mpira wa Wamarekani.

Nauzungumzia mpira ule wa umbo la yai, wanaoushika kwa mikono. Januari ikifika timu zinaingia kwenye mchujo, ukifungwa mara moja unakwenda nyumbani. Kwenye chumba chetu cha kulia kazini kuna televisheni, na kila mtu anabashiri. Wenzangu wanabashiri kwa mapenzi. Wa Cincinnati anasema Cincinnati, hata kama nusu ya wachezaji wanatembelea magongo.

Mimi sina timu. Tangu Chimène aondoke sina hata chakula ninachokipenda. Kwa hiyo natazama tu nani ameumia, nani amepumzika, nani amezoea kucheza ndani ya jumba lenye joto halafu anapelekwa kwenye theluji. Nasema, na inakuwa.

Aliyeniponza ni rafiki yangu Reginaldi, Mtanzania wa Kigoma tunayepakia naye. Kila mchezo ukiisha anaandika kwenye kundi la simu la Waswahili wa Louisville: "Ombeni katabiri tena." Kwao kutabiri ni neno la redioni. Mtangazaji anatabiri mechi, mtu wa hali ya hewa anatabiri mvua, na hakuna anayepiga magoti. Kwetu Bukavu, kanisani, neno hilo lina kazi moja. Anayetabiri ni nabii, na alichotabiri kimetoka juu.

Ningeweza kukanusha. Nilikuwa nimechoka, nikaacha.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nafunga trela, simu ikaita. Alikuwa Hyacinthe, mume wa dada yangu Nabintu. Wanakaa Cheektowaga, pembeni ya Buffalo.

"Shemeki," akasema, "ulisema nini juu ya bibi yangu?"

"Sijasema kitu."

"Bon. Sikia sauti yako mwenyewe."

Akaniwekea. Ilikuwa sauti yangu, na honi ya mashine ya kubebea mizigo inalia nyuma yake: "Ule wa Buffalo hatavuka. Siku ya Mungu atafia kwa nyumba. Moyo yake imechoka, minaona wazi."

Nikaisikiliza yote na kuelewa, kama unavyoelewa umeacha jiko linawaka ukiwa umeshafika kazini.

Msomaji wa Tanzania au wa Mombasa hapa atauliza, timu gani inayochukua "a"? Timu ni "i". Haitavuka, itafia nyumbani. Ni kweli. Lakini sisi wa Bukavu timu tunaiongelea kama mtu. Ule wa Denver, ule wa Houston. Siku ya Mungu ni Jumapili tu. Kuvuka ni kwenda hatua inayofuata. Na moyo uliochoka ni moyo wa timu iliyokimbizwa wiki nzima kwenye baridi.

Nilikuwa nimerekodi ujumbe huo kwa Reginaldi. Kidole kiliteleza katikati, ukatoka vipande viwili. Kipande cha kwanza kilisema habari ni ya mpira. Reginaldi alirusha cha pili peke yake kwenye kundi, maana ndicho kilichokuwa na utamu.

Na ukoo wetu umetawanyika Marekani nzima, tunaitana kwa miji. Ule wa Columbus ni Chimène. Ule wa Buffalo ni dada yangu.

"Shemeki, ile ni mupira," nikasema.

"Mwambie yeye. Ametoa nguo zote ndani ya valizi ya hospitali. Anasema Mungu amesema, atafia kwa nyumba, donc juu ya nini wamukate bure."

Nabintu ana ugonjwa wa moyo. Mlango mmoja wa moyo haufungi, damu inarudi ilikotoka. Anapanda ngazi tatu anakaa. Jumanne alitakiwa kupasuliwa wamwekee mlango mwingine.

"Na asipoenda?" nikauliza.

"Dokta alisema moyo haitamungoja. Kuja, shemeki. Mimi haniskii tena."

Nabintu ndiye aliyebaki katika tumbo letu. Wengine wote tuliwaacha kule. Nilisimama pale mlangoni mwa trela nikingoja kuogopa. Sikuogopa. Nikamaliza kufunga trela, nikaenda kumtafuta Reginaldi.

Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya makasha, glavu mkononi.

"Sasa kaka, si ungesema tu 'itafia'?" akasema. "Herufi moja."

"Wewe si ungerusha vipande vyote viwili?"

Akavaa glavu, akavua tena.

"Mimi nina gari," akasema. "Kesho tunaondoka."

*

Tulipita Columbus kwa sababu Hyacinthe alikuwa ameniambia jambo jingine. Ujumbe ule ulimfikia Nabintu kutoka kwa Chimène.

Chimène anakaa Westerville, nyumba ya juu ya duka la simu. Alifungua mlango akiwa na kitana kichwani. Ndani mteja alikuwa amekaa na nusu ya nywele zimesukwa, anatazama simu yake.

"Baba Alliance," akasema, "umekonda."

"Juu ya nini ulimtumia Nabintu ile sauti?"

"Acheke. Wewe hujui dada yako? Anavaa kofia ya Buffalo mpaka kanisani. Nikasema, tazama kaka yako anakuzikia timu."

"Donc ulijua ni mupira."

"Nimelala na wewe na ile mupira miaka yote. Nisijue?"

"Na yeye?"

Chimène akatoa simu, akanionyesha. Chini ya sauti yangu Nabintu alikuwa amejibu kwa vile vichwa vya njano vinavyocheka mpaka machozi, mstari mzima.

Basi alijua. Nilisimama na jambo hilo mkononi nisijue pa kuliweka. Nikamwomba Chimène ampigie. Akapiga, simu ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena, ikazimwa.

Alliance akatokea chumbani, amerefuka. Akanikumbatia kiunoni.

"Tell Auntie I said go Bills," akasema. Bills ndiyo timu ya Buffalo.

"Ongea Kiswahili na baba yako," mama yake akasema.

"Salimia tantine," akasema Alliance, akarudi chumbani.

Chimène alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Akashusha sauti, mteja asisikie.

"Uko naogopa, Ombeni?"

"Sijui."

"Ni ile tu," akasema. "Sikuendaka juu ya bwana mwingine, kama watu wanasema. Siku nafunga valizi, nilingoja uniulize naenda wapi. Ulinisaidia kubeba."

Ni kweli nilibeba. Lilikuwa zito, lina gurudumu bovu. Nilimwambia Chimène asante kwa kutupokea, kama mtu anayetoka ofisini, nikashuka. Reginaldi alikuwa anapangusa theluji kwenye kioo. Aliniangalia usoni, akawasha gari bila kuuliza.

*

Theluji ilitukamata baada ya Cleveland. Tulilala kwa ndugu mmoja wa Reginaldi njiani, tukaingia Cheektowaga Jumapili watu wakitoka ibadani. Kila nyumba ilikuwa na bendera ya timu. Mwanamke mmoja mzee alikuwa anazoa theluji kwa koleo, amevaa jezi juu ya koti.

Nabintu alikuwa kwenye kiti cha kuegemea, miguu juu ya mto. Miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa amevaa fulana ya buluu ya Buffalo na kitenge, na televisheni ilishawashwa, mchezo ulikuwa karibu kuanza.

"Yaya," akasema, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu. "Umefika kunizika?"

"Nimefika kukupeleka hospitali."

"Ungetabiri ingine basi."

Alisema hivyo akapumzika, maana sentensi ndefu zinamchosha. Hyacinthe alituletea chai.

"Ile ilikuwa mupira, Nabintu. Na wewe ulijua. Nimepita kwa Chimène, nimeona ulicheka."

"Nilicheka." Hakubisha. "Siku ile nilicheka. Kisha wakaiweka kanisani. Watu wote wakanyamaza, wamama wakaniangalia hapa." Akagusa kifua. "Kicheko ikaisha. Nabii hajuaka kila mara anasema ya nani. Wewe ulifikiri ni mupira."

"Mimi si nabii."

"Ulikosea ngapi?"

Sikuwa nimekosea hata mmoja. Alijua, Hyacinthe alijua, na Cheektowaga nzima inayosema Kiswahili ilijua. Nikasema narudisha maneno yangu. Akauliza kama maneno yanarudishwa kama viatu dukani.

Reginaldi, ambaye alikuwa amekaa karibu na mlango na koti lake bado mwilini, akakohoa.

"Dada, samahani, mimi ndiye mwenye makosa. Naomba niseme kitu. Kaka yako alisema wa Buffalo atafia nyumbani Jumapili. Leo Jumapili. Na Buffalo ziko mbili humu ndani." Akanyoosha kidole kwenye televisheni, kisha akakishusha haraka kabla hakijamfikia Nabintu. "Si tutazame neno ni la nani?"

Nabintu akamwangalia kwa muda. Kisha akaniangalia mimi, na nikaona kitu kinapita machoni mwake, sikukitambua.

"Bon," akasema. "Ni muzuri. Kama timu inafungwa leo, neno ilikuwa yake, imemaliza kazi. Nitarudisha nguo ndani ya valizi. Jumanne nitaenda."

"Asante Mungu," akasema Hyacinthe.

"Lakini kama inavuka, neno ilikuwa yangu. Na hapa ndani hakuna mutu ataniambia tena hospitali. Hata wewe, baba."

"Nabintu, maisha ya mutu juu ya mupira?"

"Ni yaya ndiye alivichanganya."

Tukakubali. Najua mnanitukana mnaposoma hapa. Lakini mtu mzima akikataa kupasuliwa, Marekani hii hakuna wa kumbeba. Tulikuwa na mlango mmoja tu, tukaupita huo.

Nilikuwa na uhakika pia. Nimewaambia namna ninavyotazama. Mrushaji wa Buffalo alikuwa na mbavu mbovu tangu wiki iliyopita, alikuwa anaficha. Wageni walikuwa wamepumzika, na walikuwa na watu wazito mbele. Wa Buffalo hatavuka. Nilikaa kama mtu anayengoja basi ambalo ratiba yake anaijua.

Kipindi cha kwanza kilikwenda kama nilivyosema. Wageni wakatangulia, wakaongeza. Hyacinthe, ambaye ameishabikia Buffalo tangu ashuke ndege, alipiga makofi kimyakimya chini ya meza kila walipofungwa. Nyumba ya jirani ilikuwa inaguna kupitia ukutani. Reginaldi alivua koti.

Nabintu alikuwa anakunja pindo la kitenge chake na kulikunjua.

Baada ya mapumziko, mgeni mmoja aliudondosha mpira kwenye theluji. Buffalo wakaudaka, wakafunga. Jirani akapiga kelele.

"Bado wako mbali," Hyacinthe akaniambia. "Si ndiyo, shemeki?"

"Bado."

Buffalo wakafunga tena. Nikaona viganja vyangu vimelowa. Nikavifuta kwenye suruali, vikalowa tena. Nikatafuta kwenye kioo yale ninayoyaona siku zote, nani amechoka, nani anachechemea. Sikuona kitu. Niliona nguo za buluu zinakimbia, na nilikuwa nazichukia. Nilikuwa nataka zianguke, nataka kwa tumbo lote, na mtu anayetaka hivyo haoni.

Niliogopa. Naliandika neno hilo kwa kuwa tangu nianze kuwasimulia sijawahi kuliandika bila kulikana. Niliogopa mpaka masikio yakaziba.

Mwisho ukafika hivi. Buffalo walikuwa nyuma kwa pointi mbili, saa imebakiza mchezo mmoja. Wakamwita mpiga teke wao. Akiupitisha mpira katikati ya zile nguzo mbili za njano, wamevuka. Akikosa, wamekwisha.

"Ombeni," Reginaldi akasema kwa sauti ndogo, "unaingia?"

"Sijui."

Wote wakageuka kunitazama. Hyacinthe akatelezea chini kwenye zulia, akapiga magoti na kufumba macho. Wageni wakaomba kusimamisha saa ili kumtesa mpiga teke. Kwenye baridi ile alikuwa anapuliza vidole vyake.

Ndipo nikasikia mtu ananong'ona nyuma yangu.

"Ingia. Ingia tu. Bwana, ipitishe, iingie."

Nikageuka. Alikuwa Nabintu. Amefumba macho, mikono ameifunga chini ya kidevu, midomo inakwenda.

"Nabintu," nikasema. "Uko unaomba nini?"

Akafumbua macho. Hakuona haya, au alikuwa amechoka kuona haya.

"Yaya, Mama aliingia kwa kisu ya dokta na miguu yake mwenyewe," akasema. "Alikuwa anatuchekesha. Wakatuletea mwili ndani ya shuka. Wewe ulibeba viatu vyake mpaka nyumba."

"Ile ilikuwa kule."

"Meza ni meza." Alikuwa anavuta pumzi kati ya kila neno. "Mimi siogopi kufa hapa kwa kiti yangu. Ile meza ya kisu siiwezi. Nilitafuta njia ya kukatala, sikuipata. Wewe ukanipa."

Hyacinthe alikuwa bado amepiga magoti, lakini macho yalikuwa wazi. Mke na mume walikuwa wakiomba chumba kimoja, mmoja mpira uingie, mmoja utoke. Akamwangalia mke wake.

Mimi nilikuwa nimesimama, na uso wangu ulikuwa umelowa. Nilidhani ni theluji iliyoyeyuka kichwani, kisha nikakumbuka tumekaa ndani tangu saa ngapi. Nilitaka kumwambia Nabintu nimebaki naye yeye tu.

Kwenye televisheni mpiga teke akarudi nyuma. Akainua mkono. Mpira ukaletwa, akakimbia.

Nikachomoa waya ukutani.

Kioo kikawa cheusi. Reginaldi akaruka. "Kaka, unafanya nini?"

"Hakuna atakayejua," nikasema. "Hapa ndani hakuna atakayejua. Nabintu, tuongee kama watu. Tuache mupira."

Nilidhani nimefanya jambo la akili. Nilisahau niko Buffalo.

Kelele zikatoka nyumba ya jirani, kisha nyumba ya pili, kisha mtaa mzima. Mlango ulibamizwa. Mtu akapiga ukelele mrefu barabarani, gari likapiga honi na kuacha. Ilikuwa sauti kubwa kuliko zote nilizosikia tangu nifike nchi hii, na sisi wanne tuliisikiliza, na hakuna aliyeweza kusema kama watu wale wanashangilia au wanalia.

Nabintu akasimama. Alisimama peke yake, ameshika mkono wa kiti, akaangalia dirisha lenye barafu, haoni kitu. Reginaldi alishaingiza mkono mfukoni kutafuta simu. Nikamshika kiwiko.

Dada yangu akanigeukia. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Yaya, wewe ndiye unajuaka," akasema. "Wamevuka?"

Sikujua. Nikamtazama usoni, nikafungua mdomo kumjibu.